Kufuli Kwenye Swichi

"Kata!" msimamizi alifoka. "Zege likigandia kwenye lori, nani atalitafuna?"

Mchomeleaji alishika msumeno wa chuma, akasitasita. Kufuli lilining'inia kwenye swichi ya mkanda unaopandisha kokoto za kumalizia zege lorini. Sheria ya pale hata mpishi aliijua: anayeingia kwenye mkanda hufunga swichi kwa kufuli lake, na hakuna mwingine wa kuligusa.

"Mwenyewe hatujamwona," alisema dada wa usalama.

"Mwenyewe ni Mzee Sahau! Nani tena?"

Hapo, loo, hata dada aliguna. Mzee Sahau, fundi grisi, aliwahi kwenda kwake na kofia mbili kichwani, moja ya mwenzake. Leo alikuwa ametoka zamu asubuhi.

Msimamizi akampigia simu, spika wazi.

"Mzee, uko wapi?"

"Nyumbani, bosi. Nakunywa chai."

"Na ufunguo wa kufuli lako?"

"Ala! Ninao mfukoni. Nisamehe bosi, nakuja mbio!"

"Mmesikia wenyewe?"

"Basi tumngoje, bosi," dada alisihi. "Haraka haraka haina baraka."

"Baraka haimwagi zege!"

Msimamizi alienda huku, akarudi huku. Lori la zege liliunguruma, hata kusikilizana ilikuwa taabu. Akampigia mdogo wake, fundi mitambo, aje kuwasha. Simu iliita mpaka ikakata.

"Huyu naye! Mama kanililia nimtafutie kazi, nimempa, sasa kila akihitajika hayupo. Leo atanitambua."

Walichungulia chini ya mkanda. Hapakuwa na mtu. Dada bado alikuwa anatikisa kichwa, lakini msumeno ulishaanza kulia, na kufuli likaanguka chini.

Kidole cha msimamizi kilikuwa juu ya kitufe pale Mzee Sahau alipoingia getini, akihema, mkono juu. Kwenye ufunguo wake lilining'inia kufuli zima.

"Bosi, kumbe niliondoka nalo lenyewe! Hilo mlilokata ni la nani?"

Dereva akazima lori. Kutoka ndani ya pipa kubwa linalomwaga kokoto kwenye mkanda, mtu aligonga bati kwa nyundo.

"Kaka, ni wewe? Waambie wasiwashe, namalizia!"