Vistari Viwili

Namba ya mapigo ya moyo wa baba yake ilipotea kwenye kompyuta ndogo ya usukani wa baiskeli yake, vikabaki vistari viwili.

Godelieve aliacha kupiga pedali. Wiki iliyopita, baba alipotoka hospitali, walibishana dukani mbele ya muuzaji wa baiskeli. Baba alitaka kompyuta ya waya, inayohesabu mwendo basi. Yeye akang'ang'ania isiyo na waya, inayopokea mapigo kutoka kwenye mkanda wa kifuani.

"Wataka kunichunga kama ndama?"

"Nataka kupata usingizi, Baba."

Muuzaji alionya jambo moja tu: mkiachana mita ishirini, namba hupotea.

Basi ni umbali, alijiambia. Lakini sasa hivi tu alikuwa akiisikia cheni ya baba ikikwaruza nyuma yake.

Shingo ilikataa kugeuka. Maadamu hajatazama, baba alikuwa anakuja.

"Baba?"

Bata walipiga kelele mferejini kando ya njia.

Akageuza baiskeli. Njia ilinyooka tupu mpaka darajani. Chini ya mti wa tano baba alikuwa amelala kifudifudi, kiatu kimoja bado kimenasa kwenye pedali.

Alikanyaga mpaka mapaja yakawaka moto. Mita hamsini. Thelathini. Ishirini. Kompyuta ikalia, namba ikarudi: arobaini na moja.

Alipoitupa baiskeli majanini namba ilikuwa thelathini na nne; akapiga magoti, akamgeuza baba chali.