Daraja la Tatu

Tangu tenisi ifuate vyeo vya sumo, mieleka ya Kijapani, mchezaji aliyeshuka chini ya daraja la pili hakuruhusiwa kuishi na familia yake. Alirudishwa kambini kuwapikia na kuwafulia wakubwa mpaka apande tena.

Jioni ile Elibariki aliposhindwa mechi na kushuka daraja la tatu, alimkuta nyumbani mkewe Sifuni amefunga milango na madirisha yote.

“Labda watu wa kambi hawatakuja leo,” Sifuni alinong’ona.

“Watakuja, Mama Nakaaya.”

Hodi ikapigwa kwa upole. Binti yao Nakaaya akamng’ang’ania baba yake shingoni.

“Baba, utarudi lini?”

Elibariki alimkumbuka mzee mwenye mvi aliyekuwa akimfulia taulo kule kambini. Naye alipopelekwa kambini alimwacha nyumbani mtoto wa umri wa Nakaaya.

Hodi ikapigwa tena.