Mkia wa Mwalimu Kenge

Kenge alikuwa mwalimu wa kisomo cha wanyama wazima, na hakuwa na subira hata chembe. Ubao wake ulikuwa mchanga. Aliandika neno kwa ukucha, kisha akawageukia wanafunzi. Mkia wake mrefu nao ukageuka, ukalifagia neno lote.

"Haya, someni!"

Wanafunzi wakaukodolea macho mchanga.

"Kanga, soma!"

"Ndiyo, mwalimu," akajibu Kanga, ambaye kwa heshima hakuwahi kumpinga mwalimu.

"Ndiyo nini? Nimesema soma!"

Siku zote zilikwenda hivyo. Mwishowe Kenge akafoka, "Vichwa vyenu vigumu kama mawe! Kesho nafunga darasa, mkafe na ujinga wenu!"

Bibi Nungunungu alikuwa ametamani kusoma tangu usichana wake. Miiba ikamsimama.

"Mwalimu, mchanga mtupu mimi siwezi kuusoma. Hebu tusomee wewe."

"Mtupu?" Kenge akaandika kwa hasira, akageuka amkazie macho bibi huyu, kisha akarudi kulisoma neno. Hakukuwa na herufi hata moja.

"Nani kafuta?"

Wote wakautazama mkia wake. Hata Kanga hakusema ndiyo.

"Njoo ukae huku kwetu, uandike ukitazama tunakotazama," akasema Nungunungu.

Kenge akaja amenuna, akaketi kati yao, mkia nyuma, akaandika huku akizitaja herufi. Kanga akasoma herufi ya kwanza kabla hajaambiwa.

"Ona sasa!" akaguna Nungunungu. "Na muda wote huo mawe tulikuwa sisi."