Vitambaa Juani

Theopista alivitumbukiza vitambaa safi kwenye maji aliyooshea maini, akaviacha vilowe. Kisha akavifua kama mtu anayetaka doa litoke, lakini lisitoke lote. Akavianika kwenye kamba, mbele ya nyumba.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyewafundisha wanawake wa Ushirombo kuvianika vitambaa vya hedhi juani, wasivifiche chini ya kanga vikabaki na unyevu. Wengi waliona haya. Theopista alishukuru kimoyomoyo. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na huu ulikuwa mwezi wa nane bila damu.

Mumewe, Ignas, alikuwa machimboni Bugarama. Walijaliwa mabinti watano, wa kwanza Monika. Kabla ya kuondoka alisema, taratibu tu, kama anayezungumzia mbegu: "Siku zako zikikoma, naoa mwingine. Nataka mtoto wa kiume."

Ndoa yao ilifungwa kanisani, lakini machimboni hakuna anayeulizwa cheti cha ndoa. Kila mwezi Ignas alimpigia simu mama yake kuuliza kama vitambaa vimeanikwa.

Mwezi wa kwanza wa uongo huo Theopista alilia. Sasa hakuona aibu wala hofu. Alivifua kama anavyopepeta mchele.

Mama mkwe alitoka ndani na fimbo yake. Baba yake Ignas alikufa akiwa na mke mmoja tu, na bibi huyu hakuchoka kujisifia hilo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Monika. Maini tena?"

"Niliyatamani tu."

Bibi aliisogelea kamba. Akashika kitambaa kimoja, akakigeuza, akakinusa. Alikaa nacho muda mrefu. Theopista alitazama kuku wakichakura uani. Simu ikalia kwenye pindo la kanga ya bibi.

"Ndiyo, ng'wanone, mwanangu. Vimeanikwa, nimevishika kwa mikono yangu. Mkeo bado anaziona siku zake." Akasikiliza. "Hapana. Usilete mtu hapa."

Akakata simu, akaifunga tena kwenye pindo. Kisha akavianua vitambaa vyote, kimoja kimoja, akavirudisha kwenye beseni.

"Maini yananuka, mayu," alimwambia Theopista. "Mwezi ujao tuchinje kuku. Damu ya kuku ndiyo iliyonisitiri mimi, miaka sita."