Malaria ya Tisa

Wallahi haya ni kweli tupu, anayebisha akaulize kiwandani. Salha, mkata vitambaa aliyeweza kukata kanzu huku amefumba macho, alimpelekea msimamizi wake karatasi ya kuomba ruhusa ya siku moja.

"Malaria tena?" Bi Kidawa alicheka. "Ya tisa mwaka huu! Mwanangu, mbu wa mtaani kwenu hawana mtu mwingine?"

Salha akaona uongo umemchosha kuliko ugonjwa wenyewe. "Si malaria, Bi. Ni maradhi ya akili. Kila mwezi nafuata dawa kliniki, ndizo zinazoniweka sawa. Naogopa mtanifukuza."

Bi Kidawa akamshika bega. "Nani akufukuze? Nenda kesho, keshokutwa kazi yako utaikuta."

Na kweli aliikuta. Kitambaa kilikuwa kimetandazwa mezani, kimeshachorwa chaki. Mkasi tu ndio haukuwepo, wala mkubwa wala mdogo.

"Mikasi tumekuwekea mbali, dada," alisema mshonaji wa jirani bila kuinua kichwa. "Wewe pumzika tu."

Cherehani zikazidi kasi. Salha akabaki amesimama, kidole chake kikifuata mstari wa chaki, taratibu, mpaka ukingoni mwa meza.