Ngazi Kumi na Moja

Liberatus alianza kwa kuilaani mikono ya fundi. Akahamia kwenye macho yake, halafu akaulaani hata uji alionyweshwa utotoni, maana lazima ulikuwa na kasoro.

"Ngazi kumi na moja!" alinguruma kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, bila kuzihesabu. "Mjinga gani anajenga ukumbi wa kuzikana ambao mgonjwa hawezi kuufikia? Alidhani wanakufa wazima tu?"

Evarista, mkewe, alikishika kiti kwa nyuma kisije kikateremka hadi barabara kuu, malori yanakopita.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, na huko juu Chama cha Kufa na Kuzikana cha mtaa wao, hapo Ipogolo, kilikuwa kinaanza kikao. Tangu lori lilipomchukulia miguu, miaka miwili sasa, Liberatus alihudhuria kwa simu. Waliiweka mezani kando ya chupa ya maji, spika wazi, naye alikohoa mara kwa mara kuonyesha kwamba yupo.

Mwaka huu uongozi ukaikumbuka katiba, ambayo hakuna aliyewahi kuisoma lakini wote waliiheshimu sana. Katiba inataka mwanachama aonekane kwa macho ndani ya ukumbi. Akikosa vikao vitatu mfululizo, jina linafutwa. Na jina likifutwa, siku yake ikifika hakuna jirani atakayeshika jembe kumchimbia. Liberatus, aliyewachimbia watu ishirini na sita kwa mikono yake, alikuwa amekosa viwili.

Mwenyekiti Vitus akashuka taratibu, kwa utukufu wa mtu mwenye magoti mawili mazima. Nyuma yake walishuka vijana wanne.

"Baba Nashoni, punguza sauti. Hawa wanakubeba sasa hivi."

"Mimi gunia la viazi?"

"Dakika moja tu. Tena siku hizi umekuwa mwepesi."

Neno hilo lilimwasha kama pilipili kwenye jeraha. Alipiga kiti kofi mpaka gurudumu likatetemeka.

"Leteni kitabu cha mahudhurio hapa chini, nitie sahihi."

"Kitabu hakitoki ukumbini. Katiba."

"Basi na katiba ishuke yenyewe, inibebe!"

Chini ya dirisha la ukumbi, mwanamke mmoja alikohoa. Huyo alikuwa Damari, ameketi kwenye kigoda chake, magongo mawili yameegemea ukutani. Polio ilimpata akiwa mtoto. Jina lake lilifutwa zamani, lakini kila kikao alikuja kukaa pale pale na kusikiliza, pengine kwa ajili ya kuwakera tu.

"Kamwene, Baba Nashoni," alimsalimia. "Sogea huku. Dirisha hili unasikia vizuri, labda lori lipite."

Vijana wawili wakacheka. Liberatus aliwatazama mpaka wakaacha.

"Jamani, tusigombane," Vitus alisema. "Wakati ule tunajenga, nani alifikiria mambo ya mteremko wa kupandia wagonjwa?"

"Mimi," Damari alijibu. "Nilikuja na magongo yangu, zege likiwa bado bichi. Nikamwomba fundi aniachie njia pembeni. Akasema mteremko utaharibu sura ya jengo. Eti mimi mwepesi, nitabebwa."

Vitus akatazama viatu vyake. Vijana wanne wakatazama viatu vya Vitus.

"Ulibebwa?" Liberatus aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka ghafla.

"Mara moja. Waliniangusha ngazi ya saba, sketi ikanifunika uso. Fundi alikuwepo. Alicheka kuliko wote. Sikupanda tena."

Lori lilipita barabarani likipiga honi.

"Nguruwe," alisema Liberatus.

"Baba Nashoni, hayo ni ya zamani," Vitus alisihi. "Tumsamehe fundi wa watu, yaishe."

"Uliangushwa wewe? Ulifunikwa uso wewe? Basi huna cha kusamehe. Mama Nashoni, nipe mfuko."

Evarista alifungua mfuko uliokuwa ukining'inia nyuma ya kiti. Vitus, aliyedhani ni dawa, akasogea kwa huruma. Ikatoka nyundo. Ikafuata tindo, kisha mwiko wa kujengea.

"Utavunja mali ya chama!"

"Nenda kaandike kwenye kitabu. Kwa kuwa hakitoki, nitakusubiri."

Aliinama mpaka kiti kikalia, akaanza kukwangua kwa mwiko tope jekundu lililoganda kwenye ngazi ya kwanza. Wanachama walikuwa wamejazana dirishani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza anatafuta nini. Damari peke yake ndiye aliyechukua magongo yake, akasogea karibu.

Herufi zikajitokeza moja moja, kubwa, zenye majivuno, zimechorwa kwa msumari kabla zege halijakauka: KAZI YA FUNDI LIBERATUS, 2009.

Aliweka tindo juu ya jina lake, akaanza kulifuta.