Uwanja Sawa Kama Meza

Mlimani huku nilikofikia, maji ya uwanja wako yakiingia kwa jirani wa chini, mnabadilishana nyumba. Ndiyo sheria.

Bi Nakijwa alinipa kazi ya kusawazisha mteremko wa nyuma, mumewe atembee humo na magongo yake. Nikamwambia, "Tuulaze kidogo upande, tuchimbe na mfereji."

"Atajikwaa, mzee! Uwe sawa kama meza."

Nikamtii, ujinga wangu.

Mvua ilipopiga, maji yalituama, yakapita ukingo, yakaingia kwa Mndolwa, jirani wa chini.

Asubuhi Mndolwa alipanda na godoro kichwani, hatutazami. "Maji sikuyaita mimi, dada," alimwambia Bi Nakijwa.

Nikambeba yule mume mgongoni, kumteremsha kwenye nyumba yao mpya.

"Mlangoni kuna ngazi ngapi?" aliniuliza.

Ziko kumi na nne. Nikamjibu, "Chache."